Buku Nililolizika Mwenyewe

Wiki iliyopita mjukuu wangu Nadine alirudi hapa nyumbani Ruashi amenuna. Alikuwa amekwenda kuomba viza, wakamrudishia picha zake kwa sababu masikio hayakuonekana. Mimi nikacheka mpaka nikakohoa. Akaniuliza, "Kambo, unachekea nini?" Kambo kwetu ni babu. Nikamwambia aketi, atafute kalamu, nitamweleza ninachochekea.

Yeye ndiye anayeandika haya. Ananinyooshea Kiswahili changu, kiwe cha kitabu, nami nimemkubalia. Lakini maneno ya watu wa zamani nimemkataza kuyagusa. Yabaki kama walivyoyasema, maana wengi wao hawapo tena kujitetea.

Basi ninyi vijana mnaosafiri, na ninyi mnaotamani kusafiri, nisikilizeni. Nilifanya kazi kwenye treni wakati mji huu bado unaitwa Élisabethville, chini ya Wabelgiji. Nilikuwa mtandika vitanda wa behewa la kulalia. Treni ilitoka hapa jioni, kunapokucha tuko Sakania mpakani, kisha tunavuka kwenda upande wa Waingereza mpaka Ndola. Tulipumzika kidogo, tukageuza. Kila juma nilivuka mpaka mara mbili, na majuma mengine mara nne. Kuna mabalozi ambao hawajavuka mipaka mara nyingi kama mimi, tena mimi nilivuka na mashuka mikononi.

Kutandika kitanda si kazi ya kumtoa mtu jasho, yeyote aliyelelewa na mapadri anaijua. Kazi yenyewe ilikuwa mapasipoti. Abiria Wazungu hawakutaka kuamshwa na askari mpakani. Kwa hiyo kabla hawajalala nilipita mlango kwa mlango nikikusanya vitabu vyao, na asubuhi mimi ndiye niliyesimama mbele ya meza ya ofisa, upande huu kisha upande ule, nikijibu kwa niaba ya watu kumi na sita waliokuwa bado wanakoroma.

Aliyenifundisha ni Donati, mtandika vitanda wa zamani kuliko sisi wote, mtu mfupi, mnene, wa kwetu Kongolo. Alinionyesha kupanga pasipoti kwa namba ya kitanda. Kila moja iwe imefunguliwa tayari kwenye ukurasa wa viza, moja juu ya nyingine, kwa sababu ofisa akianza kutafuta ukurasa mwenyewe atasoma na yasiyomhusu. Mhuri ukishagongwa, usifunge kitabu mpaka wino ukauke. Upepee taratibu, usipulize, mate yakiruka umemharibia mtu pasipoti. Usimsalimie ofisa kwa furaha nyingi asubuhi, atajiuliza unaficha nini. Usimletee sura ya kilio pia.

"Kaa sawa na hii meza," Donati aliniambia. "Meza haiko naogopa, haiko nacheka."

Nilijaribu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na kukaa kama meza si rahisi katika umri huo.

Kosa langu la kwanza kubwa lilimpata mtalii mmoja, Mzungu mrefu aliyetoka mbali kuja kukamata vipepeo. Alikuwa na wavu wa mpini mrefu uliotusumbua kila mlango, na sanduku la chupa. Viza yake ya kuingia kwetu ilikuwa safi. Siku moja ndani ya treni akaniambia anataka kwenda Ndola siku mbili tu, amesikia huko kuna kipepeo wa manjano, halafu atarudi. Akauliza kama kutakuwa na shida. Nikachukua pasipoti, nikaona tarehe ya mwisho bado iko mbali, nikamjibu hakuna shida, bwana. Sikusoma mstari wa chini. Mstari wa chini ulisema anaruhusiwa kuingia mara moja, na mara yake moja alikwisha kuitumia.

Aliporudi, Waingereza walikuwa wamemgongea mhuri wa kutoka, na kwetu wakamkataa. Siku nne alikaa kwenye stesheni ya mpakani akingoja simu ya maandishi kutoka kwa wakubwa. Tulipopita tena tulimkuta amekunja suruali, yuko kwenye majani na wavu wake, anafurahi, kumbe pale pamejaa vipepeo kuliko Ndola. Alinishukuru. Donati hakunishukuru.

"Uliona tarehe, ukaacha kusoma," alisema. "Unaonaka kintu moya, unajifanya mukubwa."

Kwa hiyo wewe unayeomba viza leo, shika hili. Siku ya mwisho ya kuingia ni jambo moja. Siku unazoruhusiwa kukaa ni jambo jingine. Mara ngapi unaruhusiwa kuingia ni jambo la tatu. Uliza yote matatu, hata kama karani anakukazia macho. Nadine anasema mambo haya yako kwenye mtandao. Sawa, na bado nasikia watu wanarudishwa uwanja wa ndege.

Hizo zilikuwa karatasi za Wazungu. Sisi hatukuwa na pasipoti. Mwanaume mweusi mjini alikuwa na buku, kitabu kidogo chenye jina lake, kijiji, chifu, kazi, kodi na chanjo zake. Mke hakuwa na buku. Aliandikwa ndani ya lile la mumewe, na watoto wakaandikwa chini ya mke. Bila buku hukuwa na ruhusa ya kukaa mjini, na askari alikuwa na haki ya kukuomba buku mahali popote, sokoni, kanisani mlangoni, hata chooni ukitoka. Ukitaka kusafiri uliongeza pasi ya njia. Na ukifika mpakani kulikuwa na habari ya shingo.

Habari ya shingo ni hii. Nikishamaliza pasipoti kumi na sita za abiria wangu, nilivuka uwanja wa stesheni kwenda kwa infirmier, muuguzi wa mpakani, nami nikaguliwe. Aliweka vidole nyuma ya masikio, akashuka navyo polepole, akitafuta tezi za ugonjwa wa usingizi. Wazungu wangu hawakushikwa, sijui labda mbung'o aliheshimu tiketi zao. Infirmier huyo, Ferdinandi, alikuwa rafiki yangu. Nilikula bukari kwake, ugali wetu, mkewe akinipakulia samaki, tunanawa mikono, halafu ananishika shingo kwa mkono uleule kama hajawahi kuniona. Nilifika mahali nikimwona mtu yeyote mwenye koti jeupe kichwa kinainama chenyewe, hata akiwa muuza nyama. Mnacheka, lakini mimi nilikasirika. Nilikasirika kila safari, nikanyamaza kila safari.

Na bado, niseme ukweli, nilijivuna. Katika cité nzima, mtaa wetu weusi, watu walikuja kwangu na mikanda yao, ndivyo tunavyoita karatasi zenye maandishi. Bonifasi, hapa wameandika nini? Bonifasi, nikitaka kwenda kumzika mama, naomba pasi gani? Nilikaa mlangoni mwangu na kalamu sikioni, nikajiona ninajua kila kitu kinachohusu safari. Akili hiyohiyo ndiyo iliyoniangusha.

Yaya Gaburieli, yaani kaka yangu mkubwa, alikuwa mwashi. Yeye ndiye aliyenitoa Kongolo akanileta mjini, akanilaza kwake mpaka nilipopata kazi. Alijenga kuta za nyumba nyingi kule Golf, mtaa wa Wazungu, nyumba ambazo baada ya kumaliza hakuruhusiwa kupita mlango wa mbele. Mkewe, shemeji Veronika, alikuwa mshonaji. Alikuwa na cherehani barazani, na ukiona mtoto wa cité amevaa shati lenye kola nzuri siku ya Komunyo, ujue limetoka pale. Walikuwa na watoto wawili, Odila, aliyesoma kwa masista, na Paskali, aliyekuwa bado anatambaa.

Yaya aliwahi kusahau buku. Jumapili moja alibadilisha suruali, buku likabaki kwenye ile ya kazi. Askari wakamkamata njiani, wakamweka selo siku mbili na wezi. Alirudi hasemi. Hakutuambia alifanyiwa nini, na mimi sikuthubutu kumwuliza. Tangu siku hiyo alilifunga buku ndani ya kitambaa cha mpira lisilowe, akalilalia chini ya mto, akaenda nalo kuoga. Mtu mkubwa, mwashi anayeheshimiwa, anaoga huku anaangalia buku juu ya jiwe. Iliniuma kumwona hivyo.

Alikufa kwa ugonjwa wa kifua, katika miezi ya baridi. Kwetu hatumwachi maiti aende mikono mitupu. Padri anajua, anageuza macho. Wazee wakamwekea yaya kofia yake, kiko chake, na mwiko wake wa uashi. Veronika alikuwa ndani, wanawake wamemshika. Mimi nilikuwa nimesimama kichwani pa sanduku, nikaona mto wake kitandani, nikakumbuka kilicho chini yake. Nikalichukua buku katika kile kitambaa cha mpira, nikamwekea mfukoni mwa koti, nikafunga kifungo. Niliwaza, kama huko anakokwenda kuna mpaka, yaya wangu hatashikwa tena. Nililia sana, na ndani ya kilio nilikuwa nimetulia, nikijua kwamba mimi, mtu wa safari, nimemfungashia yaya vizuri kuliko wote. Wakagonga misumari. Mchana uleule tukamzika.

Siku ya nane nilimsindikiza Veronika biro, ofisi ya serikali, kuandikisha kifo. Karani alikuwa mtu wa rangi yetu, msafi, miwani imefungwa uzi. Alimpa pole vizuri. Kisha akanyoosha mkono.

"Buku ya marehemu."

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Veronika alisema buku liko nyumbani, atalileta kesho. Karani akasema alilete upesi, kwa maana kwenye karatasi za biro yaya Gaburieli alikuwa bado kijana asiye na mke, kama alivyofika mjini. Ndoa iliandikwa Kongolo alipokwenda kuoa, watoto wakaongezwa chini yake, yote ndani ya buku tu, na hakuna aliyewahi kuja kuisahihisha karatasi ya biro.

"Bila ile buku, mama, weye hauko mu muji. Na batoto habako."

Aliyasema bila ukali. Akampa siku kumi na tano. Baada ya hapo angeandikiwa pasi ya kurudishwa kijijini, yeye na watoto.

Nyinyi mtaniuliza kwa nini sikusema palepale. Kuharibu buku lilikuwa kosa, na mtu mwenye kosa hapewi pasi ya kuvuka mpaka. Bila pasi sina treni. Nilikuwa na mchumba, nilikuwa na jina, nilikuwa na kalamu sikioni. Nikanyamaza. Tukarudi nyumbani, Veronika akaanza kutafuta. Alitoa nguo zote sandukuni. Aliangalia nyuma ya picha ya Bikira. Mwishoni alichukua mkasi wa kushonea akapasua godoro lake, nami nikashika upande mmoja ili apasue vizuri. Nilishika kwa mikono hii. Majani yakamwagika chumba kizima, Paskali akacheza nayo.

Kijijini Veronika hakuwa na mtu. Wazazi wake walikwisha kufa, na wazee wa ukoo wetu wangewachukua watoto, kwa kuwa ni watoto wetu, naye wangemwambia aolewe tena au akae kimya. Odila angetoka kwa masista akaenda kulinda mashamba dhidi ya nyani. Cherehani, hata sijui kama ingefika. Na juu ya hayo, Veronika aliporudi biro mikono mitupu, karani aliandika kwenye karatasi yake kwamba buku limepotea au limeuzwa, kwa sababu siku zile mabuku ya wafu yaliuzwa kweli, wageni waliyanunua wapate kukaa mjini. Neno hilo lilitoka biro likafika bombani kabla ya jua kuzama. Kuanzia hapo wanawake wakichota maji walinyamaza Veronika akifika.

Nilifanya safari mbili nikiwa na jambo hili tumboni. Katika safari ya pili, Sakania, niliweka pasipoti ya kitanda cha sita mahali pa kitanda cha nne, ofisa akapitisha bibi mmoja wa miaka sabini kwa jina la mwanaume mwenye ndevu. Bahati yangu ofisa alikuwa na haraka, akacheka. Donati aliona. Tuliporudi behewani kukunja mashuka aliniuliza, "Iko nini?" Nikamwambia yote. Tukamaliza kwanza mashuka yote, na yalikuwa mengi.

"Anza na ule mama," akasema. "Biro itakuwa nyuma."

"Na kazi yangu?"

"Kazi yako nayo iko nyuma."

Nilimkuta Veronika barazani, anashona. Zilikuwa zimebaki siku nne. Sikukaa kwenye kiti alichonisogezea.

"Shemeji, buku haikupoteaka. Nilimuwekea yaya mu koti, mbele bafunge sanduku."

Cherehani ikasimama.

"Weye?"

"Ni mi."

"Wakati minapasua matelas yangu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa ninajua."

"Ulinishikia."

"Nilikushikia."

Alikata uzi. Alikunja shati alilokuwa anashona, akaliweka kando taratibu, na utaratibu ule ulinitisha kuliko matusi.

"Bantu banasema niliuzisha buku ya bwana yangu. Banasema vile ku bomba, batoto yangu banasikia. Na weye unakuja hapa, unakunywa chai yangu."

Akakisukuma kando kile kiti alichonisogezea.

"Juu ya nini ulimuwekea?"

"Juu ya ile siku mbili ya selo. Sikutaka bamushike tena."

Veronika aliinamisha kichwa juu ya cherehani akalia, mara ya kwanza mimi kumwona akilia tangu maziko. Alisema yaya alikuwa akishtuka usingizini, anapapasa chini ya mto, na ni yeye Veronika aliyekuwa akimwambia, iko, lala, iko. Kisha akajifuta uso kwa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake.

"Sasa toka. Kesho asubuhi utakuja umevaa shati ya kupiga pasi, tunaenda ku biro. Utasema na kinywa yako."

Nilisema. Karani alivua miwani akanitazama kana kwamba nimemletea nyoka mezani, akatupeleka kwa mkubwa wake, Mzungu mwenye sauti ya chini. Nikarudia mbele yake, neno kwa neno, na Veronika amesimama kando yangu akihakikisha siruki kitu. Mkubwa akauliza sababu. Nikajibu ni kwa ajili ya safari. Sijui alifikiri nini, hakuniambia, wala sikutegemea aniambie.

Akasema kaburi linaweza kufunguliwa. Itahitajika karatasi ya daktari na ya padri, na askari wawili washuhudie. Nilikuwa tayari. Ningechimba mwenyewe.

"Hapana," akasema Veronika. "Gaburieli analala. Balimusumbuaka juu ya ile mukanda mu maisha yake yote. Musimwamushe tena."

Mkubwa akasema basi kuna njia nyingine, aandikwe ndani ya buku la ndugu wa marehemu. Akaniuliza kama nina mke. Nikasema bado. Katika buku mke alikuwa mmoja tu, sheria haikutaka wawili, na nikimwandika shemeji, mchumba wangu hana mahali. Nilimwaza yule msichana. Nilimwaza pia yaya aliyenilaza kwake. Nikatoa buku langu, nikaliweka mezani.

"Andikeni humu."

Veronika akalirudisha kwangu kwa kidole kimoja.

"Mu buku yako nitakuwa bibi yako. Mi niko bibi ya Gaburieli. Bonifasi, ulimaliza kunisaidia, wacha."

Karani alikohoa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna njia ya tatu, ila mama wa kanisa hataipenda. Mwanamke anaweza kupewa buku lake mwenyewe, akalipa kodi yake mwenyewe, kwa jina la mwanamke anayehesabiwa kuwa anaishi peke yake. Sote tulijua maana yake mjini. Lilikuwa buku la wanawake wa baa. Askari waliingia nyumba zao bila kubisha hodi, na kanisani walikaa nyuma. Karani alipomaliza kueleza alikuwa anaangalia wino wake.

"Batoto batakuwa mu ile buku?" Veronika akauliza.

"Batakuwa."

"Nitabakia mu nyumba yangu?"

"Ukilipa kodi, utabakia."

"Basi andika."

Mimi niliandikiwa adhabu yangu. Pasi ya mpaka ilichukuliwa mwaka mzima, nikapelekwa karakana kuosha madirisha ya mabehewa. Jioni nilimwona Donati akipanda na mashuka yake, treni inaondoka, nami nabaki na ndoo. Sikulalamika. Mchumba wangu alisikia habari yote, akanuna miezi miwili, tukaoana. Ndiye nyanya yake Nadine.

Ndiyo maana nawaambia, vijana. Mkishika karatasi yoyote, cheti, viza, pasipoti, msitazame jina la juu tu. Tazameni ni nani mwingine anaishi ndani yake. Nilijua mihuri yote ya Sakania, na sikujua kwamba katika mfuko wa marehemu nimewafunga watu watatu wazima.

Buku la Veronika lilikuwa tayari baada ya juma moja. Tulikwenda sote, yeye, mimi, Odila, na Paskali mgongoni. Alikuwa amevaa nguo yake ya Pasaka. Foleni ilikuwa ndefu, na wanawake waliokuwa kwenye foleni walijua ni buku la namna gani anakuja kuchukua. Alisimama wima. Karani akampa kwa mikono miwili.

Hakujua kusoma. Tukiwa bado mlangoni alilifungua akanisogezea.

"Mi niko wapi?"

Nikamshika kidole nikakiweka mstari wa kwanza, juu kabisa. Kwenye buku la yaya alikuwa ukurasa wa ndani, chini.

"Na batoto?"

Nikamshusha kidole. Odila. Paskali. Akakiacha hapo, mtu wa nyuma akatuambia tusonge, hakusonga. Kisha kidole kikapanda chenyewe mpaka kwenye maneno yaliyogongwa kwa mhuri mwekundu, pembeni ya jina lake.

"Na hapa banaandika nini?"

Ningeweza kumwambia bongo, ndivyo tunavyoita uongo. Nilikuwa nimekwisha kudanganya vya kutosha.

"Banaandika weye unaishi peke yako."

Alimtazama Odila, aliyekuwa ameshika pindo la nguo yake. Alimpandisha Paskali vizuri mgongoni, akakaza kitenge. Alilifunga buku, akalitia kifuani.

"Banaandika bongo," akasema, akashuka ngazi, nasi tukamfuata.